Siku Mtaa wa Chini Ulipofunga Mabomba

Wasikilizaji wapendwa, hebu tuanzie barabarani, asubuhi, spana ikiwa kazini. Mwanamke amepiga magoti ndani ya shimo. Anageuza koki kuu ya maji, kidogo kidogo, sikio ameliegemeza kwenye bomba. Anawaambia mafundi wenzake kwamba ukiifungua kwa pupa, hewa iliyonaswa ndani itapasua viungo vyote. Haraka haraka haina baraka, anasema, na kwenye mabomba haina hata maji.

Huyo ndiye tunayemkumbuka leo: fundi wa maji ambaye mji mzima ulimwita Shangazi Bomba. Alifariki Jumapili, nyumbani kwake, baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Tukumbushane hali ilivyokuwa siku ile. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini mji ulikuwa vipande viwili: Mtaa wa Juu, mlimani, na Mtaa wa Chini, bondeni. Mitaa hiyo ilikuwa imepigana. Kiwanda cha sabuni kilikuwa kimefungwa. Tanuri la mikate lilikuwa baridi. Unga upo, maji ya kuukandia hayapo. Shangazi aliishi Mtaa wa Chini. Mumewe aliuawa kwa risasi iliyotoka Mtaa wa Juu. Hilo lilijulikana na kila mtu.

Alipopewa kazi ya kufufua mabomba, aliweka sharti moja. Watu wa Juu wachimbe mitaro ya Chini, na wa Chini wachimbe ya Juu. Walinung'unika sana. Binti yake, ambaye leo ni mwokaji mikate, anasema siku za mwanzo walitupiana maneno. "Huo ni mtaro au kaburi la panya?" Baadaye maneno yaliendelea yale yale, ila watu walikuwa wanacheka.

Sasa turudi kwenye ile koki kuu. Pampu ziko bondeni, kwa hiyo maji hufika Chini kwanza. Ili yapande Juu, lazima mabomba ya Chini yafungwe. Yote, wasikilizaji. Moja tu likiachwa wazi, msukumo unapotea, na huko mlimani inatoka hewa. Na huko mlimani watu walikuwa wamekaa na ndoo, wakingoja kuona kama wamedanganywa. Wangeona wamedanganywa, mabomba yangeng'olewa kabla ya jioni.

Nyumba baada ya nyumba, Mtaa wa Chini ulifunga. Bomba moja likabaki wazi. Lilikuwa la dobi, mdogo wa marehemu mume wa Shangazi. Maji yalikuwa yakimwagika kwenye karai lake, naye akiyatazama tu, mikono kifuani.

Wengine walitaka wamfungie kwa nguvu. Shangazi akakataa. Alisema bomba linalofungwa kwa nguvu hufunguliwa ukigeuza kisogo. Akaketi kwenye kizingiti cha shemeji yake, na tope lake lote.

"Walimuua kaka yangu," dobi akasema. "Leo niwafungulie njia ya maji?"

Binti wa Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Anasema mama yake alijibu taratibu.

"Shemeji, kitanda kilichobaki nusu ni changu. Sikuombi uwasamehe. Nakuomba ufunge bomba."

Shangazi akavuta ovaroli yake, iliyokauka kwa tope mpaka ingeweza kusimama yenyewe. "Na hii utaifulia nini, wakiyang'oa mabomba?"

Wasikilizaji wapendwa, dobi alicheka huku machozi yakimtoka. Akafunga bomba kwa mkono wake mwenyewe. Kitambo kidogo, kelele zikasikika kutoka mlimani. Maji yalikuwa yamefika Mtaa wa Juu.

Tangu hapo imekuwa desturi. Kila asubuhi Chini wanafunga mpaka Juu wajaze. Kisha Juu wanafunga. Hakuna mlinzi. Kiwanda cha sabuni kilifunguliwa, tanuri likawaka, na dobi akapata wateja kutoka mlimani. Anasema bado hajui kama amesamehe. Nguo zao anazifua vizuri.

Kwa binti yake, kwa shemeji yake dobi, na kwa mafundi aliofanya nao kazi: poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Nasi tunaobaki, kila mmoja ajiulize: jirani yangu anangoja nini kimfikie, na mkononi mwangu kuna nini kinachokizuia?

Jana, baada ya mazishi, mafundi walikwenda kwenye uwanja ulio kati ya mitaa hiyo miwili, palipokuwa na kizuizi cha askari. Panajengwa soko, na Shangazi alikuwa ameanza kulaza bomba la kulipelekea maji. Waliunganisha vipande kadhaa, jua likawachwea. Vingine bado vimelala kando ya mtaro. Wameufunika kwa mbao, watoto wasitumbukie. Kesho asubuhi wanaendelea.