Mwalimu Lambert na Kijana wa Kitabuni

Wachungaji wetu, majirani wa Malvern, na ninyi nyote mliofunga maduka leo ili mje kumsindikiza, familia imenituma mimi, shemeji yake, niwasomee maisha ya Lambert Mushagalusa, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu ingawa mlimkuta kwenye cherehani.

Alizaliwa tarehe 14 Septemba 1958 huko Walungu, Kivu ya Kusini, akasoma kwa masista, akamaliza ualimu wa Kiingereza Bukavu mwaka 1981, akafundisha sekondari hadi vita vya 1996, na katikati ya hayo, tarehe 2 Agosti 1986, akafunga ndoa na dada yangu Jeannine, wakajaliwa Ruphin mwaka 1990 na Murielle mwaka 1995. Mei 1999 walifika Johannesburg, akajifunza kushona ukubwani, akafungua duka Jules Street.

Kutoka Bukavu alibeba kitabu kimoja tu, riwaya ya kuchekesha ya Waingereza wa karne ya kumi na nane, habari za yatima mwenye moyo mweupe na kichwa chepesi, anayefukuzwa na mlezi wake, akatangatanga, akapigana, akapenda ovyo, mpaka akili ikamkaa. Aliitafsiri kwa mdomo huku akishona, kipande kila Jumamosi, na wateja walileta suruali zisizo na tatizo lolote ili wajue kijana amefikia wapi; kwenye mambo ya nyumba za wageni Mwalimu, kwa kuwa alikuwa shemasi, alikohoa akaruka kurasa, na akina mama wakadai zirudishwe. Hata hivyo Mwalimu alimtetea yule kijana kama wakili, akisema mwenye moyo mzuri hukua hata akichelewa.

Nyumbani, tuseme kweli, subira hiyo hakuwa nayo. Ruphin alikuwa kijana wa mpira, wa kuchelewa kurudi, wa kutoa kabla ya kuuliza, na Juni 2012 kitambaa cha sare za kwaya kilipotoweka dukani, akasema amempa mtu mwenye shida, bila kumtaja ili asimwaibishe, baba yake hakumwamini, akamfukuza mbele ya watu. Dada yangu alilia miezi tisa.

Tarehe 15 Machi 2013 Mama Masika, mjane wa mtaa wa pili, aliingia dukani na kitambaa kilekile cha zambarau, akitaka ashonewe gauni.

"Hii kitambaa, mama, umeipata wapi?"

"Ruphin ndiye alinipa, siku nyumba yetu iliungua. Tulijifunika nayo na watoto. Hakukuambia?"

Mwalimu alizima mashine, hakuaga mtu, akapanda basi la Musina, kule mpakani, ambako Jeannine alijua siku zote kwamba mwanawe anapakia nyanya, na kesho yake, mzee mzima na ushemasi wake, akamwomba mtoto msamaha mbele ya vibarua wote. Ruphin akamwambia angoje kwanza amalize lori. Akangoja, juani, bila kunung'unika, na wakarudi pamoja.

Jumamosi iliyofuata wateja waliuliza yule yatima alipata akili katika sura ya ngapi, na Mwalimu akajibu kwamba miaka yote alikuwa amekisoma kitabu vibaya, kijana hakuchelewa sana, aliyechelewa kukua ni mlezi wake.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, akatibiwa kwa muda mrefu, akafariki tarehe 11 Mei 2025, Ruphin, ambaye sasa ndiye mwenye duka, akiwa upande mmoja wa kitanda na Murielle upande wa pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia wiki nzima, mafundi wenzake wa Jules Street, na wanakwaya, ambao hatimaye walivaa sare.

Siku zake za mwisho aliniagiza kwamba nikishasoma tarehe zake zote niongeze moja, na nisione haya. Basi, Lambert Mushagalusa alizaliwa Walungu mwaka 1958, alioa Bukavu mwaka 1986, na akawa mtu mzima Musina, tarehe 16 Machi 2013.

Shemeji yangu, Mwalimu wetu, pumzika kwa amani.