Haloo Atakiwa Kujibu Kabla ya Saa Mbili

Benchi letu liko kwenye kona, limeegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Lina nafasi ya watu wanne, na wa tano akikubali kukalia msumari. Asubuhi hiyo ya Jumatatu walikuwapo watatu, mbali na mimi na muuza kahawa. Wa kwanza ni Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa kitu chochote. Alikuwa tarishi, akabeba mafaili ya wakubwa kwa miaka thelathini na mmoja. Wa pili ni Injinia, fundi wa redio, anayefanyia kazi barazani kwake. Wa tatu tunamwita Haloo. Jina alilopewa na wazazi wake ni zuri na limo katika vyeti vyake, lakini kazi yake ni kupokea simu za wateja wa kampuni ya maji, na huu ni mwaka wa tatu anazipokea akiwa chumbani kwake. Siku hiyo alishika simu mkononi na kahawa yake ilikuwa imepoa. Ofisi ilimtaka ajibu kabla ya saa mbili: abaki nyumbani moja kwa moja, au arudi ofisini moja kwa moja.

— Rudi ofisini, ndugu yangu, alisema Waziri. Kazi ni kutoka. Mtu asiyetoka asubuhi, kwao wanamwona hana kazi. Utatumwa chumvi mpaka ustaafu.

— Acha hizo, alisema Injinia. Mimi niko barazani kwangu mwaka wa ishirini huu. Nani kanituma chumvi?

— Jana jioni ulibeba nini kwenye mfuko?

— Chumvi. Lakini nilijituma mwenyewe.

Muuza kahawa alicheka mpaka akamwagia kahawa kiatu chake. Injinia hakutaka kushindwa.

— Sikilizeni. Watu wote wakifanya kazi nyumbani, barabara zitapumzika, viatu vitadumu. Daktari atatibu akiwa kitandani, mgonjwa naye kitandani, wote wamejifunika.

— Na askari? aliuliza Waziri.

— Abaki kwake. Vita vikitangazwa vitakosa watu, vitaahirishwa.

— Na mwizi?



— Huyo ndiye atapata taabu. Kila nyumba ina watu. Itabidi ajiibie mwenyewe.

— Nyinyi hamuijui ofisi, alisema Waziri. Mimi nimeishi humo. Leo wanakuazima chumba. Kesho wanaleta kabati la mafaili. Keshokutwa mkuu wako anakuja kukagua, anamkuta mkeo anapika, anamwandikia barua ya onyo kwa kuleta moshi kazini. Ukipandishwa cheo unahamishwa kutoka chumbani kwenda sebuleni. Siku ya kustaafu unatolewa nje na mkoba wako, maana pale si kwako tena, ni ofisi!

— Barua za onyo ninazo mbili, alisema Haloo.

Tukamgeukia.

— Simu zinarekodiwa. Mtoto alilia, mteja akaniuliza kama amepiga kliniki. Kosa la kwanza. La pili ni sufuria, lilianguka jikoni. La tatu likitokea, sina kazi.

— Lakini kwenu mbona kimya? aliuliza Injinia. Tumepakana ukuta. Juzi mke wangu aliniuliza kama mmehama.

— Tumejifunza. Kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja nyumba nzima tunanong'ona. Mimi nakaa mbele ya kabati, milango wazi, nguo zimeze mwangwi. Masufuria tunayaweka juu ya kitambaa. Mama mkwe akitaka kukohoa anatoka uani.

— Basi rudi ofisini, bwana, watu wapumue! alisema Waziri.

— Nilikuwa huko, mzee wangu. Natoka mtoto wa kwanza amelala, narudi amelala. Siku moja nikaugua, nikabaki nyumbani. Akaamka akanikuta mezani. Akanipa shikamoo yake vizuri tu, akaniuliza, "Mjomba, umetuletea nini?"

Muuza kahawa alichukua kikombe cha Haloo, akamwaga ile iliyopoa, akamjazia nyingine bila kuombwa.

— Huyu mdogo nimemwona akisimama, aliendelea Haloo. Hatua yake ya kwanza nimeiona kwa macho yangu, na mteja yuko sikioni ananilalamikia bomba. Makofi sikuweza kumpigia. Nilimpungia mkono tu. Lakini nilimwona.

Waziri alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

— Basi baki nyumbani.

— Abaki vipi? alidakia Injinia. Mama wa watu anakwenda kukohoa kwenye umande! Arudi ofisini.

— Wewe si ulisema barabara zipumzike?

— Na wewe si ulisema kazi ni kutoka?

Walikuwa wamebadilishana pande, na kila mmoja aliushikilia upande wake mpya kwa sauti kubwa kuliko ile ya kwanza. Wakati huohuo lori lilisimama mbele ya duka, vijana wakaanza kushusha mabati. Wazee wangu wawili wakapaza sauti kuyashinda.

Ndipo mama mkwe wa Haloo alipofika, mkate kwapani, amemshika mkono yule mtoto wa pili, msichana aliyetimiza miaka mitatu mwezi uliopita.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mkwe wangu. Umeshawajibu?

— Bado.

— Imebaki robo saa.

Mtoto alijipenyeza katikati ya magoti ya baba yake. Aliyatazama mabati. Akamtazama Waziri, akamtazama Injinia, midomo wazi wote wawili, kama mtu anayeona jambo la hatari. Kisha akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha, na kweli wakanyamaza. Hata vijana wa lori walikuwa wametua bati la mwisho. Akamvuta baba yake sikio, akalikinga kwa viganja viwili, akamnong'oneza, nasi tukasikia:

— Baba, hapa ni kazini?

Haloo alimtazama mtoto, akaitazama simu, akamtazama tena mtoto.

— Mjibu, mkwe, alisema mama mkwe, naye kwa kunong'ona.