Misa ya Wafu Haina Mwanzishaji

SATURIO: Haloo! Nani mwenzangu? Paza sauti, huku kiwandani makelele!

VISITACIÓN: Mama yako.

SATURIO: Mama! Mbona namba ngeni?

VISITACIÓN: Simu ya jirani yetu Petronila. Yangu huipokei tangu Jumapili.

SATURIO: Kazi, mama. Hujambo?

VISITACIÓN: Toka nje kidogo, mwanangu, niku—

SATURIO: Kama mzee ndiye kakutuma, mwambie sirudi huko Ávila! Kunikatiza nikiimba kwenye mazishi ya bibi, kanisa zima linatazama! "Umeanza juu mno, unawachinja wanawake!"

VISITACIÓN: Saturio—

SATURIO: Sawa, mwanzishaji huimba mstari wa kwanza peke yake, wenzake wanamfuata aliko. Nikapanda, wakapanda. Ndiyo dhambi hiyo? Miaka mitatu mtu ana—

VISITACIÓN: Baba yako amefariki.

(Mikwaruzo.)

SATURIO: Eti? Unakatika, mama.

VISITACIÓN: Amefariki. Leo asubuhi. Alikuwa anakunywa supu yake ya kitunguu saumu, akaweka kijiko chini taratibu, kama mtu aliyeitwa mlangoni. Mungu amlaze pema.

SATURIO: Zile simu za tangu Jumapili...

VISITACIÓN: Alikuwa akikuulizia. Yaache hayo. Tunazika kesho saa kumi. Kwaya wanaimba ileile, misa ya wafu aliyoitunga yule padre wetu wa kale, ya sauti sita.

SATURIO: Nani anaanzisha?

VISITACIÓN: Hakuna. Desturi unaijua. Mwanzishaji akifa, mwanawe ndiye humwanzishia. Asipokuja, mstari ule hauimbwi. Watu husimama kimya mpaka sauti sita ziingie.

SATURIO: Si yuko Melitón wa kwaya?

VISITACIÓN: Melitón! Yule akiimba, mbuzi wanaitikia.

SATURIO: (anacheka, kicheko kinageuka) Mama... mamaa...

VISITACIÓN: Lia, baba. Lia.

SATURIO: Alisema nisiiguse tena misa ile.

VISITACIÓN: Alisema. Na tangu uondoke, unajua yeye alikuwa akianzia wapi?

SATURIO: Chini. Kama siku zote.

VISITACIÓN: Juu. Palepale pako. Sauti inamkwama, wanawake wananung'unika, Melitón anamwambia, "Casiano, utatumaliza!" Anajibu, "Saturio huanzia hapa." Basi. Hasemi zaidi.

SATURIO: Angeniambia mimi!

VISITACIÓN: Na wewe ungepokea simu. Wanaume wa nyumba hii, Bikira Maria awahurumie... Ngoja, kisimu hiki kinalia, chaji inakwi—

SATURIO: Basi la leo saa nane bado lipo? Nalipanda! Mwambie padre wanisubiri!

VISITACIÓN: Koti jeusi unalo?

SATURIO: La baba litanitosha. Mama! Nianzie wapi? Chini, alikotaka? Mama, unanisikia?

VISITACIÓN: Nakusikia. Anzia pale alipokuwa akikungojea, mwa—

(Imekatika.)

SATURIO: Haloo? Mama? Haloo?