Kambakoche wa Jumanne

Kijiwe chetu ni benchi la mwisho bwaloni, jirani na birika la kahawa, chini ya sitaha ya ndege. Ndege ikitua huko juu, kila mtu hufunika kikombe kwa kiganja na ubishi unaendelea. Kahawa ni chungu, watu ni waongo, nami nawapenda hivyo hivyo. Jumanne hiyo wapishi walitugawia kambakoche na mnofu wa ng'ombe, na bwalo zima likanuna. Kwenye manowari yetu ya kubeba ndege, ukilishwa vizuri ujue kuna habari mbaya. Aliyenuna kuliko wote ni Boudreaux, tunayemwita Bwana Harusi. Wiki ijayo meli inafika nyumbani Norfolk, na Jumamosi yake anaoa. Bahari imeshamwahirishia harusi mara mbili, na mchumba wake Renée kasema ya tatu hangoji.

— Kula, kaka, alisema Zabibu, mjaza mafuta ya ndege, na fulana yake ya zambarau iliyompa jina.

— Sili! Mara ya mwisho tulikula hawa, tukaongezewa miezi miwili baharini.

— Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu kaja keshakunjwa. Uamuzi umepita!

Grisi, fundi wa nyaya za kunasia ndege, akaguna.

— Hamjui kitu nyie. Kuna mkubwa huko makao makuu anafuga kambakoche. Wakizidi bwawani, meli moja hubakizwa baharini iwale.

— Wee! Umemwona? akauliza Bwana Harusi.

— Nimwone wapi? Nasikia tu mkewe anapaka nyumba rangi, hataki wanamaji warudi wamzongezonge. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana tunacheleweshwa sote.

— Basi tusile! Zabibu akasimama. Sahani zikirudi zimejaa, nahodha atatangazaje nyongeza? Ataona aibu!

Nilijua ni upuuzi mtupu. Hata hivyo nikaisukuma sahani yangu pembeni.

Aliyekuwa akila ni mmoja tu, Pruitt, binti wa Nebraska aliyeletwa juzi na ndege ya barua.

— Samahani, kaka zangu. Na siku za maharage, habari huwa njema?

Maharage tunakula kila wiki.

Kipaza sauti kikakoroma. Nahodha akatushukuru kwa ushupavu wetu, kisha akatushukuru tena. Mwezi mmoja zaidi baharini, akasema. Na kwa usalama wa safari, simu na barua pepe zimefungwa mpaka tutakapoambiwa.

— Sasa bibi harusi nani atamwambia? Pruitt akauliza.

Nilimwonea huruma jamaa yetu.

Bwana Harusi akaivuta sahani yake, akaivuta na yangu.

— Nipeni siagi, akasema.