Maji ya Bamvua na Uongo Niliousema Msibani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mdomo kama huu wangu, uliomsingizia marehemu. Mnanijua. Mimi ni Simoni, fundi baiskeli wa hapa Magomeni yetu ya kusini. Mnanijua kwa maneno mengi na kwa kujisifu, na hamjakosea.

Mwaka jana mvua zilipoisha nilimshawishi jirani yangu Deo, fundi cherehani, tuzunguke pwani yetu kwa baiskeli siku moja. Tutoke alfajiri, tupite Ufukoni, twende Msimbati, tufuate ufuko mpaka karibu na mdomo wa Ruvuma, halafu turudi kwa barabara ya Kilambo. Deo hakuwa na baiskeli ya kufaa. Nikamwazima ile yangu mpya ya gia, ambayo hata mke wangu alikuwa haruhusiwi kuiegemea. Mimi nikapanda ya zamani.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno! Mchanga mweupe, bahari imetulia, upepo unatusukuma mgongoni. Deo alisimama kila mara kupiga picha za kumtumia mama yake. Alikuwa mtoto wake wa pekee, ndugu zangu.

Mchana tukafika kwenye mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko. Kuvuka ni hatua kama mia tu. Kuzunguka ni kusukuma baiskeli mchangani hadi jua lizame. Kando yake alikuwepo Bakari, anapalilia mikorosho yake. Bakari ni Myao, mimi Mmakonde. Ni mtani wangu wa miaka mingi, na tukikutana ni kuzikana kwa maneno tu.

"We Mmakonde, usivuke!" akaniita. "Leo bamvua, maji makubwa. Maji yakianza kujaa hapa hayapigi hodi. Utakufa."

"Si ndicho unachongoja, ule ubwabwa wa msiba wangu!" nikamjibu.

Akarudia, nikacheka zaidi. Mtani huyu alikwisha kunitabiria kifo mara ngapi! Lakini Deo hakucheka. "Kaka, turudi," akasema. "Huyu bwana hatanii." Nikamwita mwoga, nikajitwika baiskeli, nikaingia majini. Akanifuata kwa aibu.

Katikati maji yalitufika kiunoni, mara kifuani. Tope likashika miguu. Mimi nikaitupa baiskeli yangu, nikajivuta mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Deo hakujua kuogelea. Ndugu zangu, nikapiga kelele, na Mungu alisikia nilichosema. Sikusema, "Njoo huku, nishike mkono." Nilisema, "Usiiachie baiskeli!"

Bakari alikuja na mtumbwi akanivuta mimi. Deo hakuonekana tena. Maji yalipokupwa tulimkuta kwenye tope, mkono wake umepita ndani ya fremu.

Msibani mama yake aliniuliza ilikuwaje. Nikamwambia mbele ya waombolezaji wote, "Mama, nilimkataza. Deo mwenyewe aling'ang'ania kuvuka." Watu wakaguna, wakawalaumu vijana wa siku hizi.

Bakari alikuwa pale. Alikuja kama watani wanavyokuja msibani, kupasua kuni na kuwachekesha wafiwa. Aliposikia maneno yangu akanyamaza. Mtani kunyamaza msibani! Akanivuta nyuma ya nyumba. "Leo sina utani na wewe," akasema. "Na siku ile sikuwa nao, wallahi." Akaondoka bila kula.

Tangu hapo chakula kikawa hakipiti. Nilifunga, nikaombewa, nikapakwa mafuta hapa hapa mbele yenu, nikawaambia watumishi wa Mungu kwamba nina pepo. Sikuwa na pepo! Nilikuwa na uongo. Jumapili iliyopita, tulipokuwa tunaungama dhambi kwa pamoja, niliona wazi kwamba ninamdanganya hata Mungu. Nikatoka, sikungoja baraka ya mwisho.

Mama Deo nilimkuta nyumbani kwake anamenya muhogo. Nilipiga magoti nikamweleza yote, hata lile la baiskeli. Aliniuliza jambo moja tu.

"Aliishika mpaka mwisho?"

"Ndiyo, mama."

"Ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia kitu, anafanya." Akachukua ungo wake, akaingia ndani.

Hajaniambia kwamba amenisamehe, na sitamlazimisha. Lakini kifungo kile kimekatika, haleluya! Namshukuru Mungu aliyenitoa majini, kisha akanitoa kwenye uongo, na huko kwenye uongo ndiko nilikokuwa nimezama zaidi.

Ndugu yangu, kama kuna kosa lako ulilomtwika aliyelala kaburini, njoo mbele sasa. Usiogope. Mkabidhi Yesu, kisha uende kwa wenyewe ukaseme.

Mama yupo leo, amekaa benchi la pili. Mama, nilikudanganya mbele za watu, basi nasema mbele za watu: Deo hakutaka kuvuka. Mwanao alitaka kurudi nyumbani.