Msiba wa Watu Tisa

— Hebu sema bila kuzunguka, Jailos: Alhamisi ile wewe ulimlilia nani?

Swali lilimkuta Jailos hata hajaketi. Ilikuwa saa moja asubuhi, mwezi wa Julai, baridi ya Mbeya ile inayomfanya mtu apapase masikio yake kuhakikisha bado yapo. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Loleza ukayameza mabati ya nyumba za juu, na watu walitokeza humo kichwa kwanza, miguu baadaye. Kijiwe chenyewe ni taruma moja la reli lililobaki Wachina walipomaliza kazi yao, likalazwa juu ya mawe mawili. Mbele yake mzee Matano, mtu wa Pangani aliyefuata biashara bara akasahau kurudi, huweka jiko na dele lake la kahawa. Aliyerusha swali ni Maganga, mnunuzi wa ng'ombe wa Usangu, ambaye huitwa Profesa kwa sababu hajawahi kukosa jibu. Kando yake alijikunyata Bartolomeo, karani mstaafu wa mahakama, aitwaye Sahihi kwa kuwa huthibitisha hata asiyoyaona. Na Jailos ni Jailos: mtu akifa, balozi wa nyumba kumi humtuma yeye. Mtaa ule msiba haupigiwi kelele barabarani. Unaletwa mlangoni. Jailos hubisha mara tatu, husema, “Hodi, nina taarifa,” kisha hafungui kinywa tena mpaka afunguliwe. Mlango ukirukwa, mwenye nyumba amehesabiwa si mtu. Ndiyo maana tangu mtaa uwe mtaa hakuna aliyewahi kukiri kwamba alirukwa.

— Nilimlilia aliyekufa, Profesa.

— Walikufa wawili. Usinipige chenga.

— Basi Chiriku.

— Mmeona! — Maganga akajipiga paja. — Hata huyu! Hata mwenye taarifa mwenyewe!

Chiriku alikuwa Liberatus, mwimbaji wa Nyanda Jazz. Gari la bendi lilipinduka Kitonga, na kabla jua halijakausha umande redio ilikuwa imesema. Mtaa mzima ulipanda malori kwenda kuupokea mwili Makambako. Maduka yalifungwa. Wanawake ambao Chiriku hakuwajua hata kwa sura walizimia kwa zamu, na siku ya kuzika, mwanamume mmoja wa Mwanjelwa alijitupa kaburini, ikabidi atolewe kwa kamba zilezile za jeneza.

Alfajiri ileile ya Alhamisi alifariki pia Helena Budeba, nesi wa zahanati, baada ya kuugua homa siku nne. Ijumaa akazikwa. Watu tisa.

— Niliwahesabu, — alisema Matano, akimmiminia Jailos kahawa. — Mimi sikai mtaani kwenu, hakuna wa kuniletea habari. Niliona jeneza lapita juu ya mkokoteni, nikaliacha dele motoni nikafuata. Padri, Roza mwanawe, manesi wawili, wachimbaji wanne, na mimi. Yakhe, mwaka wa kipindupindu mama yule alisukuma baiskeli kwenye tope la Usangu na madawa kichwani. Watu tisa!

— Sasa hapo ndipo penye mambo, — alisema Bartolomeo. — Maana taarifa tuliipata. Mimi Jailos alinibishia, mara tatu, sahihi kabisa. Nikamfungulia. Nikamwambia mke wangu, lete koti, Nesi ametutoka. Nikavaa koti. Kufika barabarani, miguu ikanigeuza. Ikanipeleka stendi!

— Hata mimi! — Maganga alidakia. — Nilimsikia vizuri sana. Ulikuwaga na mafua siku ile, siyo, Jailos? Sauti ilikuwa imekwama hapa. Nikasema, pole, nakuja. Basi miguu ikakataa. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Hiyo inaingiaje hapo, Profesa?

— Si guu hilo?

Jailos alikunywa kahawa ikamuunguza ulimi. Hakuwa na mafua Alhamisi ile. Hakufika kwa Maganga, wala kwa Bartolomeo, wala kwa yeyote. Hakubisha hata mlango mmoja. Waliporudi kutoka kwa Chiriku wakasikia kwamba Nesi Helena ameshazikwa, kila mmoja alidhani yeye peke yake ndiye aliyerukwa, na kila mmoja akaapa kwamba aliletewa. Wiki nzima sasa alikuwa akiwasikiliza watu wazima wenye ndevu wakisimulia alivyobisha, alivyovaa, alivyokohoa, mpaka juzi akajishika akijiuliza kama kweli hakupita.

Uongo huo ungekufa kifo chake tu, lakini Jumatatu mlango ulibishwa.

— Leo imekuwa kwangu, — Bartolomeo alisema, na sauti yake ikapungua ukarani. — Kabla ya adhana. Mara tatu. “Hodi, nina taarifa.” Sauti ya mwanamke, polepole, kama anaongea na mtu mwenye homa. Mke wangu akanishika mkono. Tukasikia inasubiri. Jamani, unajua kusikia kitu kinasubiri?

— Ulifungua? — Matano aliuliza.

— Nifungue nina wazimu?

— Mimi niliburura kitanda nikakiegemeza mlangoni, — alisema Maganga. — Hakuna aliyefungua. Jumatatu kwa Mama Mwantumu, hakufungua. Jumanne kwa fundi Ezekia, akatambaa uvunguni na cherehani yake. Jumatano kwangu. Halafu angalia kituko: aliiruka nyumba ya Filemoni, akaja kwangu, jana Alhamisi ndipo akarudi nyuma kwa Filemoni. Kwa nini airuke, kisha arudi?

Jailos alijua kwa nini. Filemoni ana mbwa wawili wakali, na mwenye kupeleka taarifa humpita kwanza, akarudi baadaye mbwa wakishafungwa. Hakuna mtu mwingine apitaye hivyo. Ilikuwa njia yake, nyumba kwa nyumba, bila kukosea hata kona. Baada ya Bartolomeo, njia ile hubakiwa na mlango mmoja, nao ni wa Jailos mwenyewe, ambao huuachia mwisho kwa vile yeye huwa ameshajua.

— Mimi nasema alitufunga miguu, — alisema Bartolomeo. — Akiwa hai. Kila aliyemtibu alimgusa, si kweli? Basi alipogusa ndipo alipofunga.

— Dogo hilo! — Maganga alisogeza kikombe. — Mnauliza alitufunga lini, hamuulizi alikufa lini. Mwaka wa kipindupindu mto Ruaha ulijaa ukabeba ng'ombe wangu kumi na wawili, ng'ombe wenye nguvu. Yeye akavuka na baiskeli. Akarudi mkavu! Mimi nilimwona kwa macho haya, gauni jeupe halina hata tone. Nesi Helena alibakia kule majini. Aliyerudi ni mwingine.

Ukungu ulikuwa umefika kwenye jiko, makaa yakaonekana kama macho ya mtu aliyelala nusu.

— Huyo mwingine alimzalisha binti yako, — Matano alisema taratibu.

— Ndiyo maana haniheshimu!

Hakuna aliyecheka vya kutosha.

— Na Chiriku? — Bartolomeo aliinama mbele. — Saa ileile moja, watu wawili. Nani alimvuta mwenzake? Alitaka kuondoka asionekane, akamchukua mwimbaji awe kelele za kufunikia. Tukatazama kule, yeye akapita huku. Sasa anarudi kutuchukua waliotazama kule. Taarifa anayoleta, ukifungua, ni jina lako.

— Wallahi, Sahihi, ulikuwa mahakama gani wewe?

— Cheka tu. Saa nne mganga anafika kutoka Makongolosi. Roza anatoka katika nyumba ile kabla ya jua la mchana, mlango unang'olewa, kitu hakitakuwa na pa kutokea. Samaki mkunje angali mbichi.

— Hilo nalo linaingiaje?

— Roza ndiye samaki. Ana miaka kumi na tisa. Akikomaa na dawa za mama yake humo ndani, nani atamtoa? Kinachongojwa ni Jailos apite tu, awaambie watu wajikusanye. Balozi kashamtuma. Siyo, Jailos?

— Kanituma, — alisema Jailos.

Alitumwa saa kumi na mbili. Alipaswa kuwa ameshamaliza. Badala yake alikuwa amepita mbele ya nyumba ya Roza, akamwona binti anafagia uwanja, peke yake, akifagia mpaka penye mpaka wa jirani na kuishia hapo hasa. Binti alimsalimia: “Shikamoo, baba Jailos.” Akaongeza, bila lawama yoyote, na hilo ndilo lililomfukuza Jailos pale: “Asante kwa kupita siku ile. Wamenieleza kwamba mlijitahidi.”

Akipita, Roza ataondoka na kifurushi chake mbele ya watu wanaotema mate. Asipopita, yeye mwenyewe atalazimika kueleza kwa nini.

— Basi kunywa upesi uende, — Maganga alihimiza. — Haraka haraka haina baraka.

Matano alikuwa amefungua kinywa kuuliza hilo nalo, mtu akatoka ukunguni. Mwanamume mfupi, koti la mvua, viatu vyenye vumbi jekundu la barabara kuu, begani fungu la vitunguu lililosukwa kwa majani yake. Akawainamia wote.

— Kamwene.

— Kamwene, bwana. Karibu kahawa. Watoka upande wa Iringa?

— Ruaha Mbuyuni. Naitwa Ngolo. Namtafuta Nesi Helena. Mwaka ule wa kipindupindu nilikuwa nalima Usangu, akakaa kwangu siku sita, mtoto akapona. Nilimwahidi vitunguu, kila mwaka nasema mwaka huu. Nimeelekezwa nyumba yake, nikakuta binti. Ananiambia mama kazikwa. — Aliutua mzigo juu ya jiwe, polepole, kama una kitu cha kuvunjika. — Nikamuuliza, watu walikuwa wengi? Akasema tisa. Nikasema huyu ana majonzi, hajui kuhesabu.

Bartolomeo alikitazama kikombe chake.

— Taarifa ilipita, ndugu, — alisema mwishowe. — Tuliipata wote. Yaliyotokea ni mambo mengine, ya gizani.

— Ilipita lini?

— Alhamisi.

— Saa ngapi?

— Asubuhi, — alisema Bartolomeo.

— Adhuhuri, — alisema Maganga, papo hapo.

Wakatazamana.

— Asubuhi ya kuelekea adhuhuri, — Bartolomeo alirekebisha.

— Adhuhuri nyinyi mlikuwa Makambako, — alisema Matano.

Ngolo aliwatazama mmoja mmoja, si kwa ukali, bali kama mtu aliyeonyeshwa njia mbili za kwenda mahali pamoja.

— Nauliza tu, wenyeji. Kwetu anayepeleka msiba husema marehemu alifia wapi na mikononi mwa nani, ndipo mtu anyanyuke. Alisemaje? Nesi alifia mikononi mwa nani?

Bartolomeo alimtazama Maganga. Maganga, kwa mara ya kwanza tangu aitwe Profesa, hakuwa na jibu. Taratibu wakamgeukia yule ambaye kila mmoja aliapa alimsikia. Na katika macho yao Jailos aliona kitu kilichomtia baridi kuliko ukungu: hawakuwa wakimtilia shaka. Walikuwa wakimwomba. Walitaka awape maneno ambayo angeyasema, ili wayakumbuke.

Naye alikuwa nayo. Balozi alimpa Alhamisi ile: alifia nyumbani, mikononi mwa Roza, akiuliza kama kuna mgonjwa anamngoja nje. Ingetosha kuyasema sasa hivi. Wangeitikia kwa vichwa, sahihi, sahihi, na saa nne wangekwenda kumtoa Roza, na alfajiri mlango wake Jailos ungebishwa mara tatu.

Alikiweka kikombe chini.

— Leo sipiti, — alisema. — Na Alhamisi ile pia sikupita.

— Acha utani, Jailos, — Maganga alinong'ona. — Mimi nilikusikia.

— Hukunisikia, Profesa. Hakuna aliyenisikia. Huyo anayebisha anamaliza njia yangu, ndiyo maana anakwepa mbwa wa Filemoni. Roza msimguse. Nilifika kwa Mama Mwantumu, mlango wa kwanza, nikainua mkono, na ndani redio ikasema Chiriku amekufa. Nikaushusha mkono. Nikakimbilia stendi nikapanda juu ya pipa, nikawatangazia hiyo, maana nilijua hiyo mtaililia. Mama mmoja akanikumbatia. Miaka kumi na mmoja napeleka misiba, hakuna aliyewahi kunikumbatia. Mke wangu anadhani katika pilikapilika zile Nesi alinitoka kichwani. — Alijifuta midomo kwa kiganja. — Hakunitoka. Nilipanda lori na nyinyi nikijua yuko kitandani ananingoja, nikajua njia nzima mpaka Makambako, na mlipoanza kuimba, nikaimba.