Jonasi Ausi na Ukuta wa Magharibi

Marehemu Mzee Jonasi Ausi alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika kijiji cha Mbekenyera, Ruangwa, mtoto wa tatu wa wakulima wa ufuta na mahindi. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alizaliwa mvua ikinyesha, ukuta wa nyuma ukiwa umeanguka asubuhi ileile. Labda ndiyo maana hakuwahi kuuamini ukuta wowote.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1955, kisha akamfuata mjomba wake Nachingwea kujifunza uashi. Kuanzia 1962 hadi alipostaafu mwaka 1993 alikuwa fundi mwashi wa serikali. Popote alipokaribishwa aligonga ukuta kwa kidole, akasikiliza. Alipokwenda Nandagala kumtembelea binti yake Eva kwa mumewe, baba mkwe wa Eva alimuuliza, "Mkwe, unatafuta mlango?"

"Hapana," alijibu. "Naujulia hali."

Tarehe 8 Oktoba 1966 alifunga ndoa na Getruda. Walijaliwa watoto wanne. Mmoja, Klementina, alimtangulia. Mwaka 1994 familia ilihamia katika nyumba ya shamba nje ya mji wa Nachingwea, iliyojengwa 1949 wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza: matofali ya udongo, lipu ya chokaa, baraza pana, na matundu ya hewa juu ya madirisha ya mninga.

Hapo alifanya kosa ambalo mwenyewe hakulificha, wala leo hatulifichi. Majirani walisema chokaa ni ya maskini. Mwaka 1995 aliipiga nyumba nzima lipu ya saruji, akaziba matundu, akang'oa madirisha ya mninga, akalifunga baraza kwa matofali. Nyumba ikang'aa. Chini ya saruji udongo ukashindwa kukauka, na katika mvua za 1998 ukuta wa magharibi, wa chumba cha kulala, ukavimba tumbo. Mama Getruda alihamisha kitanda.

"Nimeiziba pumzi," Mzee alimwambia. "Mimi, fundi."

Akaanza kuirudisha kama alivyoikuta. Yeye na jirani yake, fundi Sadiki Swalehe, walibandua saruji kwa tindo, kipande kwa kipande, wakati wa kiangazi tu, kwa sababu udongo ulio wazi hauhimili mvua. Kila wingu la Novemba lilimwinua mezani. Baraza lilifunguliwa 2001, madirisha ya mninga yakarudi 2004. Ukuta wa magharibi aliuacha mwisho. Aliuogopa.

Mwaka 2006 kifua kilianza kumbana. Juni mwaka huu wa 2007 alizima chokaa kwa maji shimoni, iwe tayari kwa lipu. Agosti saruji ya mwisho ikabanduliwa. Septemba akalazwa hospitali, ukuta ukiwa uchi. Kila aliyemtembelea aliulizwa kwanza habari za mawingu. Mwanawe Dickson alimwomba, "Baba, nipige saruji upande huo mmoja tu, mvua isituwahi."

"Na mimi nikibanwa kifua, utaniziba na pua?"

Alifariki Ijumaa, tarehe 19 Oktoba 2007, saa tisa alasiri. Jioni hiyo mawingu yalikuwa yamekaa upande wa Ruangwa.

Kwa desturi yetu, nyumba yenye msiba haifanyiwi kazi mpaka tanga lianuliwe siku ya tatu. Jumamosi asubuhi Sadiki alivua kofia mbele ya wazee. "Shemeji," alimwambia Mama Getruda, "naomba ruhusa. Siku tatu ni nyingi."

Mzee mmoja alinung'unika. "Hata maiti haijatoka?"

Mama Getruda aliinuka, akaugonga ukuta kwa kidole, kama mumewe. "Majembe ya shamba yasubiri," alisema. "Huyu ni mgonjwa. Mgonjwa hangojeshwi tanga."

Sadiki na mafundi wenzake waliupiga lipu ya chokaa mpaka jua likazama, waombolezaji wakiwapokeza ndoo. Hatujui kama itatosha. Chokaa hukauka polepole, na mawingu hayajaondoka.

Marehemu ameacha mjane, Getruda, watoto watatu, Eva, Dickson na Marietha, wajukuu tisa, na Sadiki, aliyeomba asiandikwe miongoni mwa majirani.

Baada ya mazishi, mtakaorudi nyumbani tunaomba mpitie barazani. Ukuta wa magharibi msiuegemee, bado mbichi. Mzee Jonasi sasa apumzike kwa amani. Mawingu tutayaangalia sisi.